Nje ya Muhtasari: shajara ya mswada wangu wa hadithi fupi

Januari 2024

Mradi: mswada wa hadithi fupi za Dar es Salaam, za maofisini na za mitaani, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Mhusika: mimi, katibu mahsusi mstaafu, mkazi wa Kimara. Vifaa: kaunta buku la kwaya tatu, kalamu za bluu, na kompyuta mpakato aliyoniachia binti yangu aliponunua mpya. Muda wa kazi: alfajiri, kabla wajukuu hawajaamka na nyumba haijaanza kudai chai.

Nimeamua kuweka shajara kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kikazi. Shughuli isiyo na jalada haijulikani ilipoanzia wala ilipokwamia.

Nieleze nilikotoka. Mwaka 1984 nilipanda treni kwenda Chuo cha Uhazili Tabora. Huko tulifundishwa kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama mashine, tukafundishwa hatimkato, yaani maandishi ya alama za kunasa maneno kwa kasi, ya Kiswahili na ya Kiingereza hadi maneno 100 kwa dakika, na juu ya yote tukafundishwa kutunza siri. Nikaajiriwa Dar es Salaam, wizara moja baada ya nyingine, mpaka sheria iliponipumzisha nikiwa na miaka 60. Muda wote huo haikupita siku ya kazi bila mimi kuandika. Barua, madokezo, hotuba, mihtasari ya vikao, taarifa za robo mwaka. Nimechapa kwenye stensili, nikapaka dawa ya kusahihishia na kuipuliza ikauke, nikadurufu nakala mia na mikono ikanuka wino hadi Jumapili kanisani. Nikahamia kwenye kompyuta wakati wenzangu wengi walikuwa bado wanaziogopa. Katika maandishi yote hayo hakuna sentensi hata moja iliyokuwa yangu, na wala halikuwa jambo la kuniuma. Kazi ilikuwa ndiyo hiyo.

Kilichonifungua ni msiba. Mwenzangu wa masijala alifariki mwaka jana, na mdogo wake akaja kuniomba niandike wasifu wa marehemu, "maana wewe dada ndiye mwandishi." Nikaandika kama zinavyoandikwa zote: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha watoto na wajukuu. Nilipomaliza nikaona kwamba mtu niliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka na miaka hamo. Nikaongeza aya moja. Nikaeleza alivyokuwa akivua viatu chini ya meza kila ifikapo saa nne, akatembea pekupeku katikati ya makabati, na namba ya jalada lolote unalolitaka akaitaja kabla hujamaliza kuuliza. Msomaji alipofika kwenye aya ile, watu waliokaa chini ya turubai wakacheka, kisha vilio vikaanza upya. Baadaye mume wa marehemu akanifuata nyuma ya nyumba: "Shemeji, ile karatasi naomba nibaki nayo."

Nikarudi nyumbani najiuliza nina aya ngapi za namna ile kichwani, na kama si mimi ni nani atakayeziandika.

Februari 2024

Hadithi ya kwanza iko kwenye rasimu. Inahusu kikao cha kupunguza watumishi, zama zile za miaka ya tisini ambapo serikali na mashirika ya umma yalipunguza watu kwa maelfu, hadi watoto wa shule wakajua maana ya baba kupunguzwa.

Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, bila kuitafuta: "Kikao kiliazimia kwamba watumishi kumi na wanane wapunguzwe kuanzia mwezi unaofuata." Ni sentensi safi na ingepita mbele ya mkubwa yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Nikaisoma kwa sauti jikoni, nikaona hakuna mtu ndani yake.

Kazi ya muhtasari ni kuhifadhi uamuzi, na ili uuhifadhi inabidi uondoe kila kitu kilichouzunguka. Nilisomeshwa kuondoa. Aliyekohoa, unamwondoa. Aliyesema kisha akajirudi, unaandika alichoishia nacho. Aliyenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho hayumo kabisa, ila jina lake kwenye orodha ya waliohudhuria. Nilijua kuondoa vizuri sana, ndiyo maana wakubwa walinigombania.

Basi nikafungua ukurasa mpya wa kaunta buku nikaanza kuandika yale ninayokumbuka kuyaacha, ya kikao hiki na kile, yote pamoja. Mwenyekiti anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anaivaa, anaivua tena. Feni inazunguka taratibu na kupeperusha pembe ya karatasi, na kila mtu anaitazama pembe ile ili asitazamane na mwenzake. Mhasibu anamimina chai kwenye kikombe ambacho bado kimejaa. Chai inafurika kwenye sosa, inaingia kwenye orodha, na majina mawili ya juu yanaanza kuchuruzika wino. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno, mpaka mmoja anasema, "Ichapwe nyingine."

Hadithi ilikuwa hapo. Maazimio yakahamia kwenye mstari mmoja, mwishoni.

Machi 2024

Kazi imesimama kwa ajili ya kiapo.

Mtumishi anayeshika nyaraka za siri huapa kuzitunza, na kustaafu hakufuti kiapo. Sikutaka kukipindisha kwa kisingizio cha sanaa. Nilikaa na jambo hili muda, nikaliombea, kisha nikaandika masharti ndani ya jalada la kaunta buku. Hakuna barua niliyowahi kuichapa itakayoingia, hata sentensi yake moja. Hakuna wizara, hakuna idara, hakuna tarehe ya kikao. Kila mtu wa hadithini awe amechanganywa kutokana na watu kadhaa, na zaidi ya hapo aongezewe mambo ambayo hakuna yeyote kati yao aliyekuwa nayo. Kilicho changu ni kile nilichokiona kama binadamu aliyekaa chumbani: mikono, sauti, viatu, chakula, woga.

Nilidhani masharti yatanibana. Kumbe ndiyo yaliyonilazimisha kubuni, na kubuni ndiko nilikokuwa nakuogopa. Mkono ulisita nilipompa yule mhasibu mke mgonjwa aliyelazwa, kwa sababu maishani mwangu mwote kuongeza jambo ambalo halikutokea lilikuwa kosa la kinidhamu. Nikaliandika. Hapohapo nikaelewa kwa nini anamimina chai kwenye kikombe kilichojaa, na kwa nini hawezi kupinga orodha ile hata kama anajua si ya haki.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amekubali kuwa msomaji wangu wa kwanza. Nilimweleza hofu yangu kwamba ofisi imeniharibu kalamu. Akanijibu, "Mama, Shaaban Robert aliingia forodha kuwa karani mwaka 1926. Nenda kaandike." Akanirudishia rasimu imejaa wino mwekundu pembeni, na kila alama ni ya maana.

Aprili na Mei 2024

Masika makubwa. Maji yamejaa Jangwani na mara kwa mara barabara inafungwa, kwa hiyo safari za Maktaba Kuu nimeziahirisha. Tarehe 4 Mei tulikaa karibu na redio tukifuatilia Kimbunga Hidaya. Kwetu ulifika upepo na mvua. Watu wa kisiwa cha Mafia ndio waliokuwa mdomoni mwake.

Mwalimu ametumia mvua hizi kunifundisha shairi. Anasema nathari yangu ina haraka ya ofisini na mizani, yaani hesabu ya silabi, itaituliza. Nilipinga mwanzoni, maana mashairi niliyaacha shule, lakini sasa nafurahi kwamba alishikilia. Ameniazima kanuni alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, huyohuyo aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa jiji hili. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane ukwapi, kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili, vina vya kati na vya mwisho vikubaliane. Unahesabu kwa vidole juu ya meza, na mtu akipita anadhani unafanya hesabu za vikoba.

Ubeti wangu wa kwanza uliopita kwa Mwalimu ni huu:

Vidole viliandika, maneno ya walimwengu,
Wakubwa wakatamka, sikutia neno langu,
Miaka ikakatika, nikiwalea wanangu,
Leo kalamu nashika, niseme yaliyo yangu.

Mshororo wa pili nitauelezea kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona jinsi kanuni inavyofanya kazi. Mwanzoni utao wake ulikuwa "wala sikutia neno." Mizani inatimia nane, lakini kina hakikubali. Nikaugeuza: "sikutia neno langu." Nilichokuwa nikikitafuta ni sauti tu, na sauti hiyo ikaleta jambo ambalo sikuwa nimelifikia kwa akili. Mimi nilitia maneno mengi mno. Nilisahihisha hotuba za watu, nikazipunguzia majivuno, nikaongeza shukrani waliposahau. Ila langu sikulitia. Nilifunga kaunta buku nikaenda kusimama mlangoni kutazama mvua hadi moyo ukatulia.

Barabara ilipofunguliwa nilipanda basi la mwendokasi, nikashuka kituo cha DIT na kutembea Barabara ya Bibi Titi hadi Maktaba Kuu. Nilikwenda kusoma tena utendi wa Mwana Kupona. Shuleni tuliusoma kama mawaidha ya mama kwa binti, basi. Sasa nimeusoma nikijua kwamba aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na kwamba hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Beti mia moja na ushei, mizani nane nane. Wako wanaogombana na mafundisho yake kuhusu ndoa, na nina maneno yangu kuhusu baadhi yake. Lakini kasi yake nimeielewa kwa mara ya kwanza. Huyu ni mtu anayemwita mwanawe asogee, achukue wino na karatasi, kwa sababu kuna jambo lazima lisemwe sasa.

Juni 2024

Hakuna maendeleo. Mjukuu aliugua malaria, kisha nikaugua mimi. Kaunta buku liko juu ya kabati.

Julai 2024

Nimerudi kazini na hadithi ya foleni ya sukari, 1983. Waliokuwepo wanakumbuka: unawahi dukani usiku, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unarudi kulala kidogo. Kila mtu analijua jiwe lake. Kulikuwa na mawe ya mviringo ya ufukweni, vipande vya tofali, na mama mmoja alilipaka lake chokaa ili alione gizani. Wakati huo nyumbani tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na bado tunamshukuru Mungu.

Shida ya rasimu ilikuwa mazungumzo. Watu wangu wa foleni walikuwa wanasemezana kama barua zenye kumbukumbu namba. Mwalimu aliandika pembeni: "Nani anaongea hivi alfajiri?"

Dawa nimeipata kwenye ujuzi niliodhani nimeuzika. Hatimkato niliyosomea ni ya Pitman, ambayo inafuata sauti, si tahajia. Kistari chembamba cha wima ni T, ukikikoleza kinakuwa D. Irabu ni vinukta na vistari vidogo pembeni, na mwenye kasi huziacha nyingi. Sasa napanda mwendokasi Kimara nikiwa na kidaftari kidogo, nakaa au nasimama, na ninachukua watu wanavyosema. Hakuna anayeweza kuchungulia akasoma. Jioni hiyohiyo nayaandika kwa kirefu, maana hatimkato ikilala siku nyingi hata mwenyewe unaipoteza. Sichukui majina wala habari za mtu. Nachukua mwendo wa sauti.

Nimegundua kwamba watu hawamalizi sentensi. Wanaanzia kwenye jibu. Wanaruka jambo wanalolijua wote wawili, na ni hilo wanaloliruka ndilo zito. Kuna binti alisimama karibu nami tangu Shekilango hadi Magomeni akiongea na simu, na alichosema chote ni hiki: "Mama, usiuze mbuzi. Nimesema usiuze. Nitapata. Mama, nitapata." Sijui ada, sijui dawa, sijui kodi. Sikuhitaji kujua. Nikamshukuru kimoyomoyo nikashuka.

Foleni sasa inasomeka hivi:

"Jiwe langu liko wapi?"
"Lipi?"
"Lenye chokaa."
"Lilikuwepo."
"Saa ngapi?"
"Kabla mke wa mjumbe hajafika."

Hapo zamani ningeandika aya nzima kueleza upendeleo wa mjumbe wa nyumba kumi. Mwalimu amepiga mstari mmoja chini ya mazungumzo haya bila kuandika neno. Kwa desturi yake hiyo ni sifa kubwa.

Septemba 2024

Treni ya umeme inafika Dodoma tangu miezi miwili iliyopita, na mdogo wangu anakaa huko. Nikakata tiketi nikiwa na nia ya kuandika njiani hadithi ya safari yangu ya Tabora ya 1984.

Safari ile ya zamani ilikuwa ya madirisha. Treni ikisimama, dunia yote inaingia kwa dirishani: ndizi, mayai ya kuchemsha, chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kuondoka. Usiku unapita Morogoro, kunakucha uko Dodoma, na Tabora bado iko mbali sana. Hii ya sasa madirisha hayafunguliwi na mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Ni fahari, sitaki kuipunguzia. Ila nilikaa na kalamu hadi baada ya Morogoro na hakuna kilichokuja.

Kilichokuja kilitoka kwa msichana wa kiti cha pembeni. Alikuwa anakwenda chuo, mwaka wa kwanza, ameshika bakuli la plastiki lililofungwa kwa kanga. Hakulifungua njia nzima. Nikamwuliza kama hana njaa. "Ninayo, bibi," akasema, "lakini nikila kitaisha."

Mimi mama yangu alinifungia vitumbua kwenye kitambaa cheupe chenye mshono wa rangi ya chungwa pembeni. Nilivimaliza kabla ya Ruvu, nikila huku nalia, na njia yote iliyobaki nilikaa na kitambaa mapajani. Kilikuwa na mafuta na harufu ya iliki. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hadithi niliiandika mezani kwa mdogo wangu kabla sijarudi Dar, na ndiyo pekee hadi sasa isiyo na mabadiliko makubwa tangu rasimu ya kwanza. Ina wasichana wawili ndani yake, mmoja anakula na mmoja anatunza, wamekaa behewa moja.

Novemba 2024

Hadithi ya kikao imesomwa mbele ya watu. Nitaandika kwa kirefu.

Jumamosi mchana huwa tunakaa kibarazani kwa Mwalimu. Yupo mama mmoja muuguzi mstaafu, yupo kijana wa steshenari anayetuchapia nakala kisha akabaki kusikiliza, na yupo mzee mmoja aliyekuwa fundi kwenye shirika la umma. Nilisoma mwenyewe. Hadithi inaanza na chai, inapita kwenye orodha, na inaishia mtumishi mmoja anapoitwa kupokea barua yake: anasaini kwenye kitabu cha kupokelea, anasema asante, anatoka. Nilikuwa naupenda mwisho huo. Niliona una heshima.

Muuguzi alifuta macho. Kijana akasema ni nzuri. Yule mzee alikaa kimya, akamenya chungwa lake lote ganda bila kukatika, ndipo akasema, "Dada yangu, barua umeiandika vizuri. Mtu bado."

Nikamwomba aniambie.

Akasema yeye alipewa yake siku ya Ijumaa. Naye alisaini, naye alisema asante. "Lakini Jumatatu nilikwenda kazini. Nilivaa nguo zangu za kazi, mke wangu akanifungia chakula, nikatoka saa ileile. Nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya geti. Saa tisa na nusu nikarudi nyumbani. Kesho yake hivyohivyo. Mwezi mzima mama watoto hakujua." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaelekeza mtu kituo cha daladala. "Sasa wewe umeishia pale nilipotoka mlangoni. Mimi ndipo nilipoanza."

Alikuwa na haki. Kwangu mimi barua ilikwisha iliposainiwa na kutoka. Jalada linafungwa, linarudi masijala. Hata baada ya kuondoa lugha yote ya muhtasari nilikuwa bado nasimamisha macho pale muhtasari unaposimama.

Halafu akauliza jambo la pili. "Aliyeichapa hiyo barua, alijua?"

Nikasema alijua.

"Alisema nini?"

"Hakuruhusiwa kusema."

Akafikiri. "Basi andika kwamba alijua."

Nilirudi nyumbani nikaisoma rasimu tangu mwanzo. Mwenyekiti yumo, mhasibu yumo, feni imo, hata kikombe kimo. Mchapaji hayumo popote. "Ichapwe nyingine," mtu anasema, na ukurasa unaofuata imeshachapwa. Nilikuwa nimemwondoa kwa ustadi uleule niliofundishwa Tabora, na sikuona pengo mpaka fundi mitambo mstaafu aliponionyesha kwa maswali mawili.

Januari 2025

Mchapaji ameingia. Imenichukua muda mrefu kuliko hadithi nyingine yoyote, na baadhi ya alfajiri niliandika mistari michache tu nikaacha. Nimempa maisha yasiyo yangu: ni kijana kuliko nilivyokuwa, anaishi Buguruni kwa shangazi yake, anaimba kwaya. Anachapa barua kumi na nane kwa mashine ya mkono, asili na nakala mbili za kaboni. Kwenye orodha kuna jina la mtu ambaye saa saba mchana atakaa naye chini ya mwembe kula wali na maharage. Wamekula pamoja tangu alipoajiriwa.

Nimejaribu kukaa pale mezani pake bila kuharakisha. Anafika kwenye jina lile. Anapiga herufi kwa nguvu kuliko kawaida, na O ya jina inatoboa karatasi. Mashine kuukuu hufanya hivyo. Anaichomoa, anaiinua dirishani, mwanga unapita kwenye tundu. Kwa sheria ya ofisi barua yenye tundu haitoki. Anaweka karatasi nyingine, anapanga kaboni upya, anaandika jina lilelile mara ya pili, taratibu, kila herufi ikiwa nzima. Saa saba anakwenda chini ya mwembe. Rafiki yake anamsimulia habari za mabati aliyonunua kwa ajili ya nyumba yake huko Mbagala, naye anasikiliza hadi mwisho.

Hayo mabati ni ya kubuni. Mwalimu aliuliza nimeyatoa wapi, nikamwambia sijui. Akasema yabaki.

Hali ya mradi kwa ujumla. Hadithi ya treni na ya foleni zimekamilika na zimeshachapwa kwa usomaji wa mwisho. Ya kikao iko rasimu safi. Kuna nyingine mbili ambazo bado ni kurasa za kaunta buku, moja, ingawa inavuka kipindi nilichokipanga mwanzoni, ya mafuriko ya Desemba 2011 bondeni Msimbazi na watu waliohamishiwa Mabwepande, ambayo sitaigusa mpaka nikae na mtu aliyehama. Mashairi yatakuwa machache, mwishoni. Nimeshauliza kuhusu ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na utaratibu wake hauogopeshi.

Kijana wa steshenari ananihimiza nipeleke kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ambayo washindi wake hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere. Namshukuru kwa imani yake. Nitaifikiria kitabu kikiwa kitabu. Kwa sasa kuna kazi iliyo mbele yake.

Nataka kuandika ule mwezi wa benchi. Nilimwendea mzee nyumbani kwake kuomba ruhusa, maana hiyo si mali yangu na siwezi kuichukua kibarazani kama nilivyochukua sauti za kwenye basi. Ameridhia. Anataka jina lake na la shirika lisiwepo, na anataka aisome yeye kabla ya Mwalimu. Nimekubali yote mawili, na nimemweleza masharti yangu ya kuchanganya na kubuni, akasema hayo ni ya kwangu niyaamue mwenyewe ilimradi benchi libaki.

Tunaanza Alhamisi saa kumi. Mke wake alikuwa anapepeta mchele uani wakati tunazungumza, na nilipoaga akanisindikiza hadi kwenye geti. Amesema naye atakuwepo, kwa sababu habari ya kile chakula alichokuwa akikifunga kila asubuhi anataka kuisimulia mwenyewe.